Mwaka wa Mtutu Mwepesi

Ujumbe wa Nura ulinikuta jikoni nikimenya ndizi za mchana. Ulikuwa wa sauti, mfupi, kwa Kiarabu chake cha Riyadh ambacho alijua lazima akiseme polepole ndipo nikielewe. "Ilyasi, Baba ametangulia. Tumemzika jana baada ya alasiri. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine." Niliweka kisu chini. Mke wangu akaniuliza ni nani, nikashindwa kumjibu mara moja kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu. Ningeweza kusema ni mgonjwa wangu wa zamani, na nisingekuwa nimedanganya. Lakini nimewahudumia wagonjwa wengi, hapa Moshi na kwingineko, na wengi wao wameshatangulia pia, wala sijawahi kuacha ndizi zigeuke nyeusi kwenye sinia kwa ajili yao. Mzee yule nilikaa naye mwaka mmoja tu. Nilipofika kwake nilikuwa na cheti. Nilipoondoka nilikuwa na kazi.

Mimi ni Elia, ila nyumba ile ya mtaa wa Malaz, Riyadh, waliniita Ilyasi tangu siku ya kwanza, nami nikaitika. Kazi yangu ni viungo: mtu akipatwa na kiharusi, au akivunjika nyonga, mimi ndiye ninayemfundisha upya kusimama, kutembea, kushika kikombe. Nilikuwa kijana bado, na mkataba wangu ulikuwa wa mgonjwa mmoja, baba wa aliyenidhamini. Mwanawe, Saadi, ndiye aliyekuwa kafili wangu. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye ikama yangu, kibali cha kuishi nchini. Alikuwa na cheo katika mojawapo ya miradi mikubwa iliyokuwa ikianzishwa miaka ile, miaka ambayo kila nikitoka nje nilikuta jambo jipya: mahali pa sinema palipokuwa ghala, muziki ndani ya mgahawa, mwanamke akiegesha gari mbele ya duka la dawa huku wazee wakijifanya hawamwoni. Saadi alinipokea kwa adabu, akaninywesha kahawa ya iliki, kisha akaniambia jambo moja tu kuhusu kazi. "Usimvunje moyo Baba. Akikuuliza chochote kuhusu mkono wake, sema inshallah."

Mzee alikuwa mtafuta maji. Ujana wake wote aliuzungusha jangwani na mitambo ya kuchimba visima, na huko ndiko alikojifunza kuwinda, kwanza kwa ajili ya chakula cha kambi, baadaye kwa kupenda. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Mguu ulikuwa ukiburuta, na mkono ulining'inia kama mkono wa kanzu iliyotundikwa. Chumba tulichofanyia mazoezi kilikuwa zamani cha wageni wa kike wa marehemu mkewe, chenye vioo vikubwa ukutani na taa ya vigae vya kioo darini. Katikati yake Saadi alikuwa amesimamisha vyuma viwili sambamba vya kushikilia wakati wa kutembea. Kila asubuhi mzee alijiona mara kumi na zaidi kwenye vioo vile, akiburuta mguu kutoka pande zote. Mwezi wa kwanza niliomba vioo vifunikwe. Alikataa. "Nataka kumwona," alisema, akimaanisha yule wa kwenye kioo. "Mtu asiyeonekana huwezi kumkamata."

Kulikuwa na kabati la chuma kwenye chumba cha kando, na ndani yake bunduki yake ya kuwindia. Sisi wageni hatukuruhusiwa kuigusa, na yeye alilishika sharti hilo bila kulegea. Kibali kilikuwa kwa jina lake na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mara nyingi, mazoezi yakiisha, alimwomba binti yake Nura aitoe na kuiweka mezani, ikiwa tupu, naye aliketi mbele yake akiipapasa kwa mkono wa kulia. Ilikuwa bunduki ya mti uliokolea rangi kama tende, yenye mtutu mrefu wa chuma uliopauka pale kiganja chake kilipoushikilia miaka yote. Siku moja alijaribu kuiinua kwa mkono mmoja. Ilipanda kidogo, ikatetemeka, na mdomo wake ukadondoka juu ya meza kwa kishindo kilichonifanya nifumbe macho. Kesho yake alimwita Nura akamwambia amtafutie habari za mitutu ya nyuzi za kaboni.

Nura ndiye aliyenieleza ni kitu gani, akinionyesha picha kwenye simu tukiwa tumesimama mlangoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomfanya mtu asogee kumsikiliza. Alisema mtutu wa namna ile una chuma chembamba ndani, njia ya risasi, na nje umevikwa nyuzi za kaboni zilizosukwa na kugandishwa kwa gundi ngumu, hivyo unaonekana mnene kuliko wa kawaida lakini uzito wake ni mdogo sana. Wawindaji wa milimani wanaupenda kwa sababu wanapanda siku nzima na bunduki mgongoni. "Baba anadhani bunduki ikiwa nyepesi, mkono utarudi," alisema. Kisha akanitazama usoni. "Utarudi?" Nikasema inshallah. Aliitikia kwa kichwa, akarudisha simu mfukoni, na nikajua ameshapata jibu.

Jioni zangu nilikula na Mutua, dereva wa nyumba, kwenye chumba chake kando ya geti. Mutua alikuwa Mkamba wa Kitui, mpana wa mabega, mcheshi, na alikuwa ameishi Saudia muda mrefu kiasi cha kuota kwa Kiarabu. Sinia la wali na nyama lilikuja kutoka jikoni, lakini yeye hakushiba bila ugali, na unga wake aliununua sokoni Batha kwa Wakenya wenzake na kuuficha chini ya kitanda kama dhahabu. Tulikula kwa sinia moja, televisheni ikisema peke yake, na usiku ule nilimweleza kuhusu swali la Nura. Mutua aliukanda ugali vidoleni kwa muda.

"Sikia, Daktari." Aliniita daktari ingawa nilimkataza. "Hapa tunaishi na neno moja tu. Ukiulizwa traffic itaisha? Inshallah. Mshahara? Inshallah. Mkono wa mzee? Inshallah. Hiyo ndiyo insurance yako, bro. Ukweli wa mkono wa mzee si wako, ni wa kina Saadi. Wewe nyoosha viungo, kula ugali, maliza contract."

"Na yeye mwenyewe? Si wake?"

"Hiyo sasa ni falsafa. Falsafa mafi, hapa hakuna," alisema, akacheka, nami nikacheka naye. Lakini sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshaujua mkono ule kuliko nilivyoujua wangu. Bega lilikuwa likiamka kidogo kidogo, kiwiko kilikuwa kikikunja kwa shida, lakini vidole vilikuwa kimya kabisa, na muda ambao vidole hurudi ulikuwa umeshapita.

Duka la mitutu tulikwenda wote wanne, mzee, Nura, Mutua na mimi. Lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la ofisi huko Murabba, duka la vifaa vya uwindaji lenye kibali, baridi kama jokofu, na muuzaji kijana aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alitandaza kitambaa cha kijani mezani akalaza juu yake mitutu mitatu: mmoja wa chuma chembamba, na miwili ya kaboni, mrefu na mfupi. Ile ya kaboni ilikuwa myeusi yenye mistari iliyopishana kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Mzee aliketi akashika mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, akifumba macho kila mara. Aliuliza maswali mengi. Ukipata moto, unapinda? Muuzaji akasema chuma cha ndani ndicho kinachoamua, na kwamba mwembamba wa chuma tupu ukipigwa risasi kadhaa mfululizo hupata moto upesi na kuanza kutawanya, ndiyo maana yeye angechagua wa kaboni. Na wepesi wake hauifanyi bunduki iyumbe? "Huifanya," alikiri muuzaji. "Nzito hutulia yenyewe. Nyepesi inataka mtu atulie."

Mzee alipenda jibu hilo, nililiona likimwingia. Muuzaji alimshauri achukue ule mrefu, unaoipa risasi kasi zaidi kwa masafa ya milimani. Mzee aliushika tena, akaurudisha, akachukua mfupi. "Huu." Muuzaji akaeleza upya, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Nimekusikia mara ya kwanza," mzee akasema. "Huu." Kisha akageuka kwangu, akanyoosha ule mtutu, akaniambia niuweke kwenye kiganja chake cha kushoto. Niliufungua mkono wake, kidole kwa kidole, nikaulaza mtutu pale na kuufumba mkono juu yake kwa mikono yangu miwili. "Sasa achia," alisema. Niliachia taratibu, viganja vyangu vikiwa chini yake. Vidole vyake vilifunguka kama mlango usio na komeo na mtutu ukaanguka mikononi mwangu. Mzee alimwambia muuzaji aufunge kwenye boksi.

Jioni ile nilipokuwa nikikunja mikeka ya mazoezi nilisikia sauti za Saadi na Nura kutoka majilisi, sebule ya wageni, mlango ukiwa wazi nusu. Kiarabu changu kilikuwa kimekomaa kiasi cha kuniumiza. "Mwache na ndoto yake," Saadi alikuwa akisema. "Anaamka mapema. Anakula. Unakumbuka miezi ya kwanza, alivyogeukia ukuta? Unataka arudi huko?" Nura akasema, "Mnamfanya mtoto, wewe na huyo mtu wako wa viungo." Sauti ya Saadi ikapasuka. "Mimi siwezi kumwambia, Nura. Mwambie wewe kama unaweza." Nikasikia Nura akikusanya vikombe. Nilisimama na mkeka kifuani. Mpaka siku ile nilimdhani Saadi mtu mgumu. Alikuwa mwana aliyeogopa kumwua baba yake kwa neno. Na dada yake, kwa ushujaa wake wote, naye hakuweza. Walikuwa wakiningoja mimi, mmoja ninyamaze na mwingine niseme, na hakuna aliyetaka kuwepo.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Tulikuwa tumemaliza mguu, na mguu ulikuwa unakwenda vizuri sana; alikuwa ametembea chumba kizima kwa fimbo bila kunishika. Aliketi, akanipa mkono wa kushoto nianze kuunyoosha, na akaniuliza akinitazama kwenye kioo, si usoni. "Ilyasi. Mkono huu utashika bunduki?" Neno la Saadi lilikuwa tayari mdomoni. Nilifikiria ikama yangu, na chumba cha Mutua. Nilikuwa nimekishika kiganja chake, na ni vigumu sana kumdanganya mtu ambaye umemshika mkono. Nikasema, "Baba, mguu utazidi kupata nguvu. Utatembea mpaka msikitini kwa miguu yako. Bega litainuka zaidi kidogo. Lakini vidole hivi havitashika tena. Si bunduki, si kijiko."

Aliutoa mkono wake mikononi mwangu, akiuvuta kwa mkono wa kulia. "Halas," alisema. "Toka."

Nilitoka. Siku zilizofuata mlango wake ulifungwa. Sinia za chakula zilirudi jikoni kama zilivyokwenda, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole vya miguu. Saadi alikuwa safarini kikazi, na kila simu ilipolia nilidhani ni yeye. Mutua aliniambia nifungashe mapema, kisha akaona uso wangu, akaacha utani, akanipikia maharage. Lililonikalia moyoni zaidi halikuwa kazi. Niliogopa kwamba nimemsukuma mzee arudi kule kwenye ukuta, na kwamba nilikuwa nimeuita ukweli kile kilichokuwa uchovu wangu wa kudanganya. Kila asubuhi, saa ya mazoezi, nilikwenda kuketi kwenye kiti nje ya mlango wake. Sikugonga. Sikujua la kufanya lingine. Asubuhi moja mlango ulifunguka akanikuta pale. Alikuwa amevaa, amenyoa, amesimama kwa fimbo. "Umekaa hapa siku zote hizi?" Nikasema ndiyo. "Yalla," alisema. "Mguu tuendelee nao. Mkono tuuache upumzike. Na umwambie Mutua atayarishe gari. Tunakwenda Jeddah, kwa fundi wa bunduki."

Sikuelewa. Bunduki ya nini sasa? Lakini hakuna aliyeuliza. Tuliondoka alfajiri, bunduki ikiwa nyuma kwenye sanduku lake lenye kufuli pamoja na vibali vyake, na ule mtutu mpya katika boksi lake. Baada ya kutoka mjini Nura alimwomba Mutua asimamishe gari. Leseni yake ilikuwa mpya. Mutua alimtazama mzee kwenye kioo, mzee akatazama dirishani, na hiyo ikawa ruhusa. Mutua alihamia kiti cha abiria kama mtu aliyevuliwa viatu hadharani. Kwa masaa mengi alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo. "Daktari," aliniambia kwa Kiswahili bila kugeuka, "leo mimi ni mzigo. Wakinidondosha Taif usishangae." Nura akauliza amesema nini, nikamtafsiria, na kutoka nyuma mzee akacheka, kicheko kifupi, kilichopinda upande mmoja. Kilikuwa cha kwanza tangu nimwambie kweli ya mkono.

Fundi wa bunduki aliitwa Usta Yakubu, na karakana yake ilikuwa mtaa wa Hindawiya, kwenye kichochoro cha nyumba za zamani ambako nguo za wafanyakazi zilianikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Ndani palikuwa pasafi kama zahanati. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani mizito, na yeye na mgonjwa wangu walifahamiana tangu ujana. Walishikana kichwa na kulia kidogo, kisha wakaingia kazini kana kwamba hawakulia. Aliibana bunduki kwenye jiliwa lililowekwa ngozi, akautazama ule mtutu wa zamani pale unapojifunga kwa hesi kwenye chuma cha katikati, akaweka spana ndefu na kuvuta. Haukusogea. Akavuta tena na mwanawe akamsaidia. Haukusogea.

"Hawa wameshaoana," alisema akifuta jasho. "Miaka yote hii ya joto na vumbi. Nikilazimisha naweza kupasua chuma cha katikati, na hapo hutakuwa na bunduki, ya zamani wala mpya. Ningekuwa wewe ningewaacha walivyo."

"Toa," mzee akasema.

Usta Yakubu alipaka mafuta yapenyayo, akatuambia turudi kesho. Kesho yake aliwasha moto wa gesi, akaupitisha karibu na hesi kwa muda mfupi tu, huku kidole chake kikipima joto upande wa pili. Akavuta. Kikasikika kitu kama mfupa ukivunjika. Nura aliziba mdomo. Mimi nilijua sauti ile, nimeisikia katika magoti ya watu, na nilidhani imekwisha. Kisha nikaona mtutu umezunguka, kidogo, halafu ukazunguka tena, na Usta Yakubu akaanza kuufungua kwa mikono mitupu akipumua kwa nguvu. Alimpa mzee. Mzee aliuinua kuelekea mlangoni akachungulia ndani yake, jicho moja limefumbwa, akiutazama mwanga wa kichochoro. "Umechoka," alisema hatimaye. "Umechoka kuliko nilivyodhani." Akaulaza mapajani.

Kufunga ule mpya kulichukua muda zaidi. Kwa kuwa ulikuwa mnene, mfereji wa kwenye mti ulibidi upanuliwe, na Usta Yakubu aliupanua kwa patasi na msasa, akiulaza mtutu ndani, akiutoa, akipitisha kipande cha karatasi kati ya mti na mtutu kuhakikisha haugusi popote, kwa sababu, alisema, mtutu unaogusa mti hauwezi kusema kweli. Kisha akaukaza, akajaribu komeo na vipimo vyake vya chuma mara nyingi, akirudia pale ambapo mimi ningeridhika. Mchana wa mwisho alileta utepe wa kupimia, akamwambia mzee, "Sasa weka begani, Aba Saadi. Nikuone kitako kinakaaje, nikate."

"Si mimi," mzee akasema. "Mpime Nura."

Nura alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alinyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua.

"Baba, mimi sijawahi kuchinja hata kuku."

"Sikukuambia uchinje. Simama." Na aliposimama, mzee akaendelea, akimtazama Usta Yakubu badala yake, kama watu wanavyofanya wanaposema jambo kubwa. "Alikuwa mtoto. Tunapakia gari kwenda kambini, mimi na Saadi na ndugu zangu, naye akaja na mfuko wake ameshaufunga. Saadi anaziba masikio kila risasi ikilia, hataki kwenda. Huyu anataka. Nikamwambia hii ni safari ya wanaume. Alisimama pale getini hakulia. Angelia ningesahau." Kisha akasema, "Dukani nilichagua mtutu mwepesi, mfupi. Mwepesi unamfaa mgonjwa. Unamfaa na yeye. Nilikuwa sijui bado ni wa nani, na kila mtu nyumbani ananiambia inshallah. Mtu mmoja akaniambia."

Hakunitazama, wala sikutaka anitazame. Nura aliiweka ile bunduki begani akiwa na machozi mashavuni, na Usta Yakubu, ambaye nadhani naye hakuwa akiona vizuri, alimpima urefu wa mkono mara mbili.

Siku iliyofuata kutia kitako sawa tulikwenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha nje ya mji, uwanja wenye msimamizi na bendera nyekundu. Mimi na Mutua tulisimama nyuma ya mstari. Mzee aliketi kando ya binti yake akimfundisha kwa sauti tu: pumua, toa nusu, usiivute, ibembeleze. Risasi za mwanzo zilikwenda kila upande. Nura alikasirika, akasema bunduki inayumba kama majani. "Nyepesi inataka mtu atulie," baba yake akamwambia, na sikujua kama Nura alikumbuka ni maneno ya nani. Alilaza shavu kwenye mti. Alikaa vile mpaka nikadhani ameghairi. Risasi ilipolia, na nyingine, na nyingine, msimamizi aliangalia kwenye darubini yake, akainua kidole gumba.

Bunduki ilipokuwa imefunguliwa na kuthibitishwa tupu, mzee aliniita. Aliniomba nimwinulie mkono wa kushoto niuweke juu ya mtutu. Niliuweka. "Una moto?" aliniuliza. Niligusa kando ya vidole vyake. "Una uvuguvugu, Baba." Aliutazama mkono wake mwenyewe ukiwa pale juu ya weusi ule wa kusukwa, kwa namna ambayo mtu humtazama jamaa aliyelala. "Sisikii kitu," alisema, bila huzuni, akitoa tu taarifa. Halafu akanyoosha wa kulia, akaushika mtutu ule mwenyewe.

Saadi alirudi akasikia yote. Aliniita majilisi, akanipa kahawa kama siku ile ya kwanza. Alisema baba yake anakula, anatembea hadi msikitini, anacheka, na kwamba anajua ni kwa sababu yangu. "Hukukosea," alisema. "Lakini nilikuomba jambo moja." Mkataba haukuongezwa. Mzee aligombana naye kwa siku kadhaa, nilisikia fimbo ikipiga sakafu, lakini karatasi hazikuwa kwa jina lake. Simlaumu Saadi. Nilimwonyesha kwamba jambo alilolishindwa liliwezekana, na hilo si rahisi kuishi nalo nyumba moja. Nura aliniambia juzi kwamba majira yaliyofuata alikwenda na amu yake kwenye milima ya mbali, akalala kifudifudi kwenye mawe akimngoja beberu wa porini, akampata kwa risasi moja, akalia, kisha akampigia baba yake simu. Baba yake hakuuliza kuhusu pembe. Aliuliza upepo ulikuwa ukitoka wapi.

Siku ya kuondoka Mutua ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Alipoegesha hakushuka kunitolea sanduku. Alizima injini, akaketi na mikono kwenye usukani.

"Daktari, nikuulize kitu. Lakini usinipe inshallah."

"Uliza."

Alipandisha suruali akanionyesha mguu wake wa kulia. Alisema ganzi ilianzia kidole kikubwa, sasa iko kwenye goti, na kwamba siku nyingine anakanyaga breki hajui kama amekanyaga. Alikuwa amemficha kila mtu, hata daktari wa kupima madereva. Watoto wake walikuwa shuleni. Nilizunguka upande wake nikapiga magoti pale chini kwenye maegesho, kati ya magari, watu wakitupita na masanduku yao, nikamvua kiatu. Nilipima nguvu ya unyayo. Nilimkuna kwa ufunguo, nikamwomba afumbe macho aniambie ninapomgusa. Mara nyingi hakujua.

Nilimwambia alichokuwa nacho, kadiri nilivyoweza kukijua bila picha: mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, umebanwa muda mrefu, na akiendelea kuendesha ataupoteza mguu, na labda na watu waliomo garini. Nikamwambia aende nyumbani. Nikamwambia kuna upasuaji, na kwamba unaweza kumrudishia mguu wote au sehemu tu.

Mutua alisikiliza mpaka mwisho. Spika za uwanja zilikuwa zikitangaza ndege yangu. Nikamwambia bado kuna muda, ingawa haukuwepo, nikabaki pale chini nimemshika unyayo mpaka aliponiambia nimvalishe kiatu.